Kete Chache za Efrazia

Kwa miaka minne Efrazia Mbelwa alibaki palepale. Kila alipomaliza mchezo wa sataranji kwenye simu, simu ilimwonyesha namba ya kiwango chake, na namba hiyo ilipanda kidogo, ikashuka kidogo, halafu ikarudi kwenye elfu moja mia tatu na kitu, kama ng'ombe anayelijua zizi lake.

Alikuwa na miaka arobaini na tatu, mke wa Obadia, mama wa watoto watatu, na mwenye duka la dawa pale Mkata, ng'ambo ya mahali ambapo mabasi husimama abiria washuke kununua mahindi ya kuchoma. Kwao ni Soni, milimani Usambara. Sataranji alijifunzia chuoni Korogwe, alipokuwa akisomea uuguzi, kwa mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Shadya, ambaye alikuwa na ubao na kete za mbao alizopewa na mjomba wake. Walipomaliza masomo Shadya alipangiwa kazi Lindi, akamwachia Efrazia ule ubao. Toka hapo ulikuwa haumtoki karibu.

Mkata watu wanacheza drafti, kwa vizibo vya soda, kwenye banda la fundi pikipiki. Sataranji waliiona mchezo wa visanamu. Hata hivyo Efrazia aliwafundisha watu sita kwa vipindi mbalimbali, mmoja wao mwalimu, mmoja kondakta, na wote sita aliwashinda mpaka wakachoka. Akabaki na simu. Asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, na mchana jua linapokuwa kali na barabara kukosa watu, alicheza na watu asiowajua wa nchi asizozijua. Alitazama masomo ya video bando liliporuhusu. Alikariri namna za kufungua mchezo, hatua kumi za mwanzo, nyingine kumi na mbili, akaziandika kwenye daftari lenye jalada la bluu. Alizijua kama anavyojua vipimo vya dawa.

Na bado hakupanda. Mwenyewe aligundua jambo moja, ila hakujua la kulifanyia: akishinda, alishinda mapema. Mchezo ukirefuka, kete zikiliwa moja moja mpaka ubao ukabaki karibu mtupu, alipoteza. Pale mwishoni aliona hakuna cha kufanya. Alisogeza chochote, akakubali matokeo, akabonyeza kuanza mchezo mwingine. Alijiambia kwamba huenda mtu anazaliwa na kipimo chake, na yeye chake ndicho hicho.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, siku ya mnada wa ng'ombe, aliingia dukani mfugaji mmoja aliyekuwa anatafuta dawa ya homa ya mtoto. Jina lake Lomayani, mtu wa miaka thelathini na nane hivi, boma lake likiwa upande wa mbugani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabarani. Efrazia alimuuliza umri na uzito wa mtoto, akamweleza kwamba homa ikifika siku ya tatu ampeleke zahanati asingoje, akampimia dawa. Lomayani aliweka chupa mfukoni lakini hakuondoka. Alikuwa anautazama ubao uliokuwa kwenye kaunta, kete zote zimepangwa.

"Hizi zote mnacheza kwa pamoja?" aliuliza.

Efrazia akamwambia ndiyo, ndivyo mchezo unavyoanza.

"Mimi sijawahi kuanza, mama," Lomayani alisema. "Mimi najua kumaliza tu."

Efrazia alidhani anatania. Hakuwa anatania. Alieleza, kwa maneno machache na bila haraka, kwamba alikuwa mlinzi Dar es Salaam kwa miaka saba, kwenye nyumba ya mzee mmoja mstaafu pale Upanga. Mzee huyo alikuwa amepooza upande mmoja. Alipenda sataranji kuliko chakula, lakini mkono wake ulitetemeka, akitaka kushika kete moja anaangusha nne, na akili nayo ilichoka upesi. Basi akaziondoa kete nyingi. Akabakiza wafalme wawili, askari mmoja au wawili, zile kete ndogo ambazo huwa mstari wa mbele, mara nyingine ngome moja. Kila asubuhi alimpangia mlinzi wake fumbo kwenye meza iliyokuwa getini, akamwambia upande upi unacheza na nini kinatakiwa, kushinda au kutoka sare. Jioni mlinzi alitoa jibu. Hivyo kwa miaka saba. Mzee alipofariki Lomayani alirudi nyumbani kwenye ng'ombe wa baba yake, bila ubao, bila kete, na mafumbo yote kichwani. Alipotaka kuyatazama tena aliyachora chini kwa fimbo.

Efrazia aliondoa kete zote kwenye ubao akamwambia, "Nionyeshe moja."

Lomayani alipanga tatu tu. Mfalme mweupe, askari mweupe mmoja, mfalme mweusi. Alimpa Efrazia weupe na zamu ya kucheza, akamwambia amfikishe askari mwisho wa ubao, awe malkia. Kwa Efrazia hilo lilikuwa jambo dogo kabisa. Alimsukuma askari mbele, akamsukuma tena, mfalme wake akifuata nyuma kumlinda. Hatua ya tano mfalme mweusi akasimama mbele ya askari, na hapakuwa tena na njia. Sare. Akajaribu tena kwa haraka zaidi. Sare. Wateja wawili waliingia, akawahudumia, akarudi. Sare.

Lomayani akarudisha kete mahali pake, akacheza yeye. Hakumgusa askari. Alimtembeza mfalme kwanza, akatangulia mbele, akasimama uso kwa uso na mfalme mwenzake, na kila huyu mweusi alipokwepa upande mmoja, mweupe alisogea upande mwingine kama mtu anayemfungulia mwenzake njia. Askari akapita nyuma yao bila kuguswa na mtu.

Nilipomtembelea dukani kwake, Efrazia aliniambia kwamba siku ile alihisi kama ameishi miaka kumi na minane kwenye nyumba bila kujua kwamba ina chumba kingine. Mfalme, ambaye yeye alimficha kila siku kwenye kona na kumzungushia ulinzi, kumbe mwishoni anatembea, na yeye ndiye anayetangulia.

Toka hapo siku ya mnada ikawa siku yao. Lomayani akishamaliza shughuli za ng'ombe alikuja dukani, akasimama upande wa wateja, fimbo ameiegemeza ukutani, naye Efrazia upande wa dawa, ubao katikati. Walibadilishana. Efrazia alimfundisha kuanza: kete zipi zitoke kwanza, kwa nini katikati ya ubao ni pa thamani, mfalme afichwe lini. Lomayani alimfundisha kumaliza. Walipocheza mchezo mzima, Efrazia alimshinda mara nyingi kabla ya hatua ya ishirini. Lakini malkia wote wawili wakishaliwa huku Lomayani akiwa bado hai, basi, Efrazia hakutoka. Watu wa drafti walianza kuvuka barabara kuja kutazama. Hawakuelewa kinachofanyika, lakini hawakuondoka.

Mwezi wa nane Lomayani alipanga fumbo ambalo Efrazia hajalisahau na ambalo, nilipomtembelea, alinipangia mimi kabla hata hajanikaribisha chai.

Kete nne. Askari mweusi anakimbia kushuka ukingo wa kulia, amebakiza hatua nne awe malkia. Mfalme mweupe yuko kona ya juu upande huohuo, amechelewa hatua mbili, hawezi kumkamata. Upande wa pili wa ubao weupe wana askari wao, na mfalme mweusi amesimama karibu naye, hatua mbili tu amle. Weupe wanacheza. Watoke sare.

Efrazia alihesabu kwa kidole. Mfalme akimfukuza askari mweusi, hamfikii. Akienda kumsaidia askari wake, amechelewa huko pia. Alimwambia Lomayani kwamba hapa amekosea kupanga. Lomayani akasema hakukosea, akachukua fimbo yake akaondoka, akamwacha na fumbo kwa wiki nzima.

Alilibeba wiki nzima. Alipima dawa huku analifikiria. Kanisani, Jumapili, lilikaa mbele ya macho yake wakati wa mahubiri. Siku ya sita, akiwa anafuta vumbi kwenye kabati, mkono wake ukasimama. Alirudi kwenye kaunta akamsogeza mfalme mweupe, si kushuka moja kwa moja kumfukuza yule askari, wala si kwenda pembeni kumsaidia wa kwake, bali mshazari, katikati ya njia zote mbili. Askari mweusi akakimbia. Mfalme akasogea mshazari tena. Na hapo akaona. Mweusi akipoteza hatua kumla askari mweupe, mfalme mweupe anakuwa amefika eneo la kumkamata mkimbiaji. Mweusi akiendelea kukimbia, mfalme mweupe anamfikia askari wake na kumpandisha, na pande zote mbili zinapata malkia pamoja. Njia mbili ambazo kila moja ilikuwa imefungwa, ukizitembea zote kwa wakati mmoja zinafunguka.

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Hakufurahi kama mtu aliyeshinda, bali kama mtu aliyeingia kanisani akakuta kwaya imeshaanza kuimba.

Mchana huo Obadia alipokuja kula, alimkuta mkewe bado ameduwaa. Obadia ni dereva wa trekta, analima mashamba ya watu kuanzia Mkata mpaka karibu na Handeni mjini, na sataranji hakuwahi kuijali. Efrazia akamweleza fumbo taratibu, akamwonyesha mfalme anavyopita. Obadia alikataa. Alisema kazi yake ni mashamba, na shamba ukilikata kona kwa kona njia ni ndefu kuliko kufuata ukingo, kila dereva anajua, mafuta yenyewe yanakuonyesha. Mfalme hawezi kwenda mshazari na asichelewe.

"Basi hesabu," Efrazia akamwambia.

Obadia akamweka mfalme kona ya chini akahesabu kufuata ukingo mpaka kona ya juu. Hatua saba. Akamrudisha, akahesabu kona kwa kona, mshazari. Hatua saba. Akahesabu tena, polepole, akigusa kila chumba cha ubao. Saba. Alikaa anautazama ule ubao, wali unapoa. Mwisho akasema kwa sauti ya chini kwamba hilo si shamba la dunia hii.

Siku ya mnada Efrazia alimwonyesha Lomayani jibu. Lomayani akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema yeye lilimchukua siku kumi na mbili.

Namba ya kwenye simu ilianza kupanda, lakini si mara moja. Kwanza ilishuka, kwa sababu Efrazia sasa alikubali kubadilishana malkia mapema ili afike kule mwishoni, na mara nyingi alifika akiwa tayari na hali mbaya. Alijifunza kufika akiwa na hali nzuri. Akaanza kuandika michezo aliyopoteza, si aliyoshinda, na kuitafuta ile hatua moja ambapo ilianza kuharibika. Daftari la bluu likajaa, akanunua jingine. Ilipofika Pasaka iliyofuata namba ilisoma elfu moja mia tano na sitini. Anasema kufikia hapo alikuwa ameacha kuitazama.

Mwezi wa saba mwaka jana walimu fulani wa Korogwe waliandaa mashindano ya siku moja kwenye ukumbi wa parokia. Efrazia alimwomba Lomayani waende wote. Lomayani alikataa. Ng'ombe walikuwa wanahamishwa kufuata maji, na pia, alisema, hapendi saa inayolia pembeni wakati mtu anafikiri. Efrazia akaenda peke yake, akapanda basi la alfajiri.

Walikuwa wachezaji kumi na sita, michezo mitano, wanawake wawili tu. Efrazia alishinda mchezo wa kwanza na wa pili. Wa tatu alipoteza vibaya kwa kijana wa chuo aliyekuwa anacheza huku anatafuna karanga. Wa nne ulichukua saa nzima na nusu, akashinda kwa askari mmoja aliyemtembeza kutoka nyuma mpaka mwisho. Wa tano akapangwa na mzee Abraham.

Mzee Abraham alikuwa na miaka sabini na moja. Alikuwa fundi kwenye mitambo ya umeme ya Hale mpaka alipostaafu, na kila mtu pale ukumbini alimfahamu kwa sababu mashindano yaliyotangulia aliyashinda yote. Efrazia alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba mwanangu, akamvutia kiti, halafu hawakuzungumza tena kwa saa mbili.

Meza nyingine zilimaliza moja baada ya nyingine. Watu wakaja kusimama. Jua la saa tisa liliingia dirishani likakaa juu ya ubao, mwandalizi mmoja akaenda kulizuia kwa daftari. Kete ziliondoka mbili mbili mpaka zikabaki tano. Efrazia alikuwa na mfalme na askari wawili, mzee alikuwa na mfalme na askari mmoja. Efrazia alijua, bila kuhesabu, kwamba amekifikia kile chumba kingine na taa inawaka. Alisogeza mfalme mbele, mfalme wa mzee akasogea kumzuia. Akarudi hatua moja, wa mzee akarudi. Akaenda mbele, yule akazuia. Kichwani mwake akajaribu kumsukuma askari na kuona kwamba akimsukuma, mfalme wa mzee hatakuwa na pa kwenda na mchezo utaisha bila mshindi. Alipotazama saa, ilikuwa imebaki dakika moja. Hali ileile ikatokea mara ya tatu, na kwa kanuni ikawa sare.

Watu walipiga makofi. Hapakuwa na mtu aliyetoka sare na mzee Abraham mjini hapo kwa muda mrefu. Efrazia alishika nafasi ya tatu. Alikuwa ananyanyuka kwenda kunawa uso mzee alipomgusa mkono.

"Kaa kidogo, mwanangu," alisema. "Ulikuwa umeshanishinda."

Akairudisha ile hali, wafalme na askari watatu. Akamwonyesha. Mfalme wa Efrazia alisimama pazuri na wa mzee alisimama pazuri, tatizo lilikuwa zamu tu. Ilikuwa zamu ya Efrazia. Kama ingekuwa zamu ya mzee, mzee angelazimika kusogea, na popote ambapo angesogea angefungua njia. Lakini hakuna mchezaji anayeruhusiwa kusema nimepita, cheza wewe.

"Sasa rudi nyuma," mzee akasema, "lakini usirudi kama ulivyokuwa unarudi."

Akamchukua mfalme wa Efrazia akampeleka nyuma mshazari, halafu pembeni, halafu mbele. Hatua tatu, umbo la pembetatu ndogo. Mfalme wa mzee alikuwa na vyumba viwili tu vya kusimama bila kupoteza, huku na kule, huku na kule. Hatua ya tatu ilipokamilika kila kete ilikuwa mahali ilipokuwa mwanzo. Hakuna kilichobadilika, hata unywele mmoja. Ila sasa ilikuwa zamu ya mzee, na mzee alikuwa amekwisha.

Efrazia alitazama. Akamwomba arudie. Mzee akarudia. Akaomba apange mwenyewe, akaizunguka ile pembetatu kwa mkono wake, akafika palepale alipoanzia akiwa mshindi.

Mzee Abraham alikiri kwamba aliiona tangu mwanzo, na kwamba kwa dakika ishirini za mwisho alikaa akiomba moyoni Efrazia asije akafikiria kutembea taratibu kuliko inavyohitajika. Yeye mwenyewe, alisema, alikaa miaka tisa akicheza kabla ya kuonyeshwa jambo hilo, na mpaka leo hawezi kulizoea.

Nilimuuliza Efrazia kama aliumia, maana alikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye ushindi ambao watu wa Korogwe wangeuzungumza mwaka mzima. Akasema alitegemea kuumia. Badala yake alikaa pale ukumbini, watu wakifagia kati ya viti, na alichohisi ni ukubwa. Wakati wote namba yake ilipokuwa imekwama alidhani ameufikia mwisho wa mchezo na mlango umefungwa. Kisha akaonyeshwa chumba, akadhani hicho ndicho cha mwisho. Na sasa kete tano, ubao karibu mtupu, na ndani yake kuna kitu ambacho mtu mwenye miaka sabini na moja bado anakishangaa.

Wiki mbili baadaye Lomayani alirudi kutoka kwenye maji. Alikuwa amekonda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Efrazia hakumuuliza habari za safari kwa muda mrefu, alipanga kete tano akamwambia weupe wanacheza na wanashinda. Lomayani aliinama juu ya kaunta. Wateja waliingia, Efrazia akawahudumia kwa kumzunguka. Mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya minyoo aliuliza kama huyo ni mgonjwa.

Baada ya saa moja Lomayani alisema mzee wake wa Upanga hakumwonyesha hii. Akauliza jibu. Efrazia alikataa kumpa.

Lomayani akacheka, mara ya kwanza Efrazia kumwona akicheka kwa meno. Alitoka nje, akachuchumaa kando ya ngazi ya duka mahali penye mchanga, akaanza kuchora.